Fizikia ya Mpemba

Juma hili nataka tuzungumze juu ya barafu. Najua wako watakaosema kwamba mtangazaji leo kaishiwa maneno, kwani hapa Tanga barafu ni kitu cha kila siku. Imo katika maboksi ya samaki pale Deep Sea, na imo katika ndoo za watoto wauzao maji ya baridi stendi. Lakini naomba mnivumilie. Barafu ninayotaka kuizungumza imesafiri kutoka milima ya Usambara hadi maabara za Italia na Austria, na jina iliyosafiri nalo ni la kijana aliyesoma katika mkoa wetu huu.

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, nina deni la kulipa. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa naendesha kipindi cha moja kwa moja, wasikilizaji wakipiga simu. Akapiga kijana mmoja anayewauzia barafu wachuuzi wa samaki. Akauliza: “Kaka, kwa nini nikichemsha maji kwanza, nikayaacha yapoe, kisha nikayagandisha, barafu inatoka safi kama kioo, lakini nisipoyachemsha inakuwa nyeupe katikati?” Mimi nikacheka. Nikamwambia barafu ni barafu tu, ikishayeyuka yote ni maji. Wenzangu studio nao wakacheka, nikaweka muziki, tukaendelea. Yule kijana hakupiga simu tena.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba maji yana hewa iliyoyeyuka ndani yake, kwamba kuyachemsha huifukuza sehemu kubwa ya hewa hiyo, na kwamba ule weupe wa katikati kwa kiasi kikubwa ni vipovu vya hewa vilivyonaswa wakati maji yanaganda. Kwa hiyo kijana yule aliuliza swali la fizikia lenye miguu yote miwili, nami nikamjibu kwa kicheko. Tangu hapo kila nikisoma habari za Erasto Mpemba huona haya kidogo. Leo nizisimulie, pengine haya hiyo itapungua.

Mwaka 1963 nchi yetu ilikuwa bado ikiitwa Tanganyika. Katika Shule ya Sekondari ya Magamba, kule juu Lushoto, kwenye ukungu na baridi ambayo sisi watu wa pwani huipanda kwa kutetemeka, kulikuwa na kijana wa kidato cha tatu jina lake Erasto Mpemba. Wanafunzi wa hapo walikuwa na mtindo wa kujitengenezea aiskrimu. Walinunua maziwa kwa akina mama wa jirani, wakayachemsha, wakayatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaweka katika jokofu la shule. Watu walikuwa wengi na trei za jokofu chache, basi ikawa ni kugombania nafasi.

Siku moja Mpemba alikuwa anachemsha maziwa yake. Mwenzake mmoja, kwa kuogopa kukosa trei, akachanganya maziwa mabichi na sukari na kuyakimbiza jokofuni bila kuyachemsha. Mpemba akaona kwamba akingoja yake yapoe, trei iliyobaki itachukuliwa. Akaamua liwalo na liwe, akayatia yakiwa moto. Waliporudi baada ya saa moja na nusu, maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Akamwuliza mwalimu wake wa fizikia. Mwalimu akamwambia kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Naye, kama watoto wengi wenye adabu, akakubali.

Sasa, ndugu wasikilizaji, hapa ndipo Tanga mjini inapoingia katika historia ya sayansi, nasi wenyewe hatuitaji kamwe. Mwaka ule ule Mpemba alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu hapa mjini. Rafiki huyo alimwambia kwamba yeye huweka maziwa jokofuni yakiwa moto, kwa sababu hivyo huganda upesi zaidi. Na wauzaji wenzake walifanya vivyo hivyo. Yale ambayo darasani yalikuwa hayawezekani, mtaani yalikuwa ni ujuzi wa kazi. Hatujui majina ya wauza aiskrimu hao. Hakuna aliyeyaandika.

Mpemba alifaulu, akaenda Shule ya Mkwawa, Iringa, kuendelea na masomo ya juu ya sekondari. Walipofika kwenye somo la joto na kupoa kwa vitu, akauliza tena. Mwalimu akamkatalia. Akang'ang'ania. Ndipo mwalimu, pengine kwa kuchoka, akamwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo ikawa mzaha wa darasa. Akikosea hesabu, wenzake wanasema hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Mtoto mwingine angenyamaza. Yeye aliingia katika maabara ya biolojia, akachukua bika mbili, moja ya maji ya bombani na nyingine ya maji ya moto, akaziweka katika jokofu, akajionea mwenyewe. Basi siku moja shule ikapata mgeni, Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu kilichokuwa Dar es Salaam. Mgeni akaruhusu maswali. Mpemba akasimama, akauliza: ukichukua maji ya ujazo sawa, haya ya nyuzi 35 na haya ya nyuzi 100, ukayatia pamoja jokofuni, yale ya nyuzi 100 hutangulia kuganda, kwa nini? Wanafunzi wenzake walimwona amewaaibisha mbele ya mgeni.

Osborne mwenyewe alikuja kukiri kwamba moyoni alidhani kijana amekosea. Lakini hakusema hivyo. Alisema kwamba hajui, na kwamba akirudi Dar es Salaam atalijaribu. Alirudi, akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaja na taarifa kwamba kweli maji ya moto yametangulia, lakini akaahidi kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Wakarudia, na jibu likawa lile lile.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakatoa makala pamoja katika jarida la kufundishia fizikia huko Uingereza. Nusu ya kwanza ni masimulizi ya Mpemba mwenyewe, maziwa, trei, mzaha wa darasani na yote. Wakati huo alikuwa amekwisha jiunga na Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi, na maisha yake ya kazi aliyamalizia katika uhifadhi wa wanyamapori. Mwaka huo huo wa 1969, mwanasayansi wa Kanada aitwaye Kell naye akaandika juu ya jambo hilo hilo bila kuwajua. Baadaye ikaonekana kwamba wakale walikuwa wakilijua. Aristotle aliandika juu ya wavuvi wa pwani ya Bahari Nyeusi waliomwagia matete yao maji ya uvuguvugu ili yagande upesi. Francis Bacon na Descartes, katika karne ya 17, nao waliligusia. Kisha dunia ikasahau, mpaka mtoto wa shule aliyeogopa kukosa trei alipoikumbusha. Siku hizi jambo lenyewe linaitwa athari ya Mpemba.

Sitaki kuwadanganya kwa sababu ya mapenzi ya nyumbani. Mpaka leo wanasayansi hawajakubaliana kuhusu maji. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza shindano la kutafuta maelezo bora, wakajitokeza watu zaidi ya 22,000. Wako wanaosema ni uvukizi, wako wanaosema ni hewa iliyoyeyuka, wako wanaosema ni namna maji yanavyozunguka chomboni. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walirudia vipimo kwa uangalifu na kusema hawaioni athari yenyewe. Walionyesha kwamba kukosea mahali pa kipimajoto kwa sentimita moja tu kunaweza kukupa jibu la uongo. Kisha mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer wa Kanada wakaionyesha wazi, si kwa maji yanayoganda, bali kwa chembe moja ndogo mno ndani ya maji, iliyosukumwa na nguvu za mwanga, nao wakairudia mara nyingi.

Lakini chini ya ubishi huu wote liko swali moja kubwa zaidi, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu juma hili. Swali lenyewe ni hili: unajuaje kitu kimefikia hali gani? Mpemba alichungulia kwenye trei na kuona hii imeganda, hii bado. Maziwa yanaonekana. Shuleni tulifundishwa hali tatu za maada, yaani yabisi, kimiminika na gesi, na zote unazitambua kwa jicho au kwa kidole. Je, ikiwa ziko hali ambazo jicho halizioni wala kidole hakizigusi?

Ziko. Tangu miaka ya 1970 wanafizikia kama Thouless, Kosterlitz na baadaye Haldane walionyesha kwamba maada ina hali nyingine zinazoitwa za kitopolojia. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016. Topolojia ni elimu ya maumbo ambayo haijali urefu wala upana, inajali mafundo na matundu. Bangili ukiibonyeza inabaki na tundu moja. Baadhi ya hali hizo za maada zina tabia ya ajabu: ukichunguza sehemu yoyote ndogo huoni alama yoyote. Siri imo katika mpangilio wa kitu kizima.

Sasa unaitambuaje? Njia moja ni kupima kile kinachoitwa ufungamano wa kwantamu. Chembe mbili zilizofungamana ukizipima, kila moja peke yake inatoa jibu la bahati nasibu, kama sarafu iliyorushwa hewani. Lakini ukilinganisha majibu ya zote mbili, yanapatana, na yanapatana kwa namna ambayo huwezi kuieleza kwa kusema kwamba kila moja ilikuja na jibu lake mfukoni. Habari haimo katika hii wala katika ile, imo baina yao. Majaribio yaliyothibitisha jambo hilo yaliwapa Clauser, Aspect na Zeilinger Nobel ya mwaka 2022.

Nitatoa mfano wa nyumbani. Twende uwanja wa Mkwakwani na mzigo wa kamba za mkonge. Kila kamba tumeifunga ncha zake mbili kuwa kitanzi, hakuna ncha iliyoachwa huru. Tumwage vitanzi hivyo uwanjani ovyo ovyo, kisha tuchore duara kubwa kwa chokaa. Tutembee juu ya chokaa tukihesabu kila mahali kamba inapoukata mstari. Ukiangalia hatua moja, au kumi, huoni mpango wowote. Lakini ukimaliza mzunguko mzima, jumla yake daima ni shufwa, haiwi witiri, maana kila kamba inayoingia ndani ya duara haina budi itoke. Basi ukihesabu mzunguko wote ukabakisha hatua ya mwisho, tayari unajua kama hatua hiyo itakuwa na mkato wa shufwa au wa witiri. Kuna habari moja imepungua. Duara liwe dogo au kubwa kama uwanja mzima, upungufu ni ule ule mmoja.

Upungufu huo ndio alama. Ufungamano baina ya ndani na nje ya duara hukua kadiri mstari unavyorefuka, lakini katika maada ya aina hii hupungua kwa kiasi kimoja kisichobadilika, na kiasi hicho kinakuambia kwamba kitu kizima kimefumwa kwa kanuni. Mwaka 2006 jambo hili lilielezwa na Kitaev na Preskill kwa upande mmoja, na Levin na Wen kwa upande mwingine. Mwaka 2021 kundi la watafiti wa Google liliunda hali ya namna hiyo katika kompyuta ya kwantamu yenye kyubiti 31, wakapima ule upungufu, wakaukuta karibu na ulivyotabiriwa. Kwa hiyo ufungamano umekuwa kama kipimajoto cha mahali ambapo kipimajoto cha kawaida hakifai kitu.

Mtaniuliza, Mpemba yuko wapi humo? Ngojeni, ndipo tunafika.

Katika mji wa Trieste, Italia, mji usio mgeni kwa wanafizikia wa Afrika, kwani ndiko Abdus Salam wa Pakistani alikoanzisha mwaka 1964 kituo cha kuwasaidia wanasayansi wa nchi maskini, watafiti watatu, Ares, Murciano na Calabrese, walikuwa wakitumia ufungamano huo huo kwa kazi nyingine. Fikiria safu ya sumaku ndogo ndogo mfano wa sindano za dira, zote zimeelekezwa upande mmoja. Kanuni zinazoziendesha hazipendelei upande wowote, lakini sisi tumezianzisha zikiwa na upendeleo. Ukiziacha, zinaanza kufungamana, na kila sehemu ndogo ya safu polepole inausahau ule upande. Watafiti hao walibuni kipimo kinachotokana na ufungamano, cha kujua upendeleo uliobaki ni kiasi gani.

Kwa akili ya kawaida, iliyoanza na upendeleo mwingi itachelewa kuusahau, kama vile maji ya moto yanavyopaswa kuchelewa kuganda. Walipopiga hesabu wakakuta kwamba inaweza kuwa kinyume. Iliyoanza mbali zaidi inaweza kuipita iliyoanza karibu, ikafika mwanzo. Makala yao ilitoka mwaka 2023, na jina walilolipa jambo hilo ni athari ya Mpemba ya kwantamu. Mwaka 2024 watafiti waliofanya jaribio lao Innsbruck, Austria, wakaiona kwa vitendo katika safu ya chembe 12 za kalisi zenye chaji, zilizoshikwa kwa nguvu za umeme na kuchezwa kwa mwanga wa leza.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba maziwa ya Magamba yaliganda kwa sababu ya kwantamu. Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Kinachoyaunganisha ni sura ya swali, kwamba anayeanza mbali anaweza kutangulia kufika. Na swali likiwa na sura nzuri linaweza kuhama nyumba. Linaweza kutoka kwenye trei ya jokofu la shule likaingia katika chembe 12 za kalisi, hata kama kule lilikozaliwa watu bado wanabishana.

Yule mwalimu alisema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Leo wanafizikia wa Italia, Austria, Kanada na kwingineko wanafanya kazi wanayoiita kwa jina la Mpemba. Mzaha wa darasa umegeuka msamiati wa dunia. Hata hivyo, mimi sitaki tumlaumu sana yule mwalimu, kwani nami nimekwisha kaa katika kiti chake. Mwalimu alikuwa na kitabu, na kitabu kilisema la moto huchelewa. Osborne naye alikuwa na kitabu kile kile, tena alikwisha dhani kijana amekosea. Waliachana katika maneno mawili matatu tu. Mmoja alisema haiwezekani, mwingine akasema sijui, nitajaribu.

Najiuliza, ndugu wasikilizaji, tangu mwaka 1963 hadi leo ni akina Mpemba wangapi walioamini jibu la kwanza wakakaa kimya? Hao hatuna makala zao. Na wale wauza aiskrimu wa mjini hapa, waliokuwa na ujuzi mikononi wala hawakuulizwa na mtu, tumewapoteza kabisa. Tungekuwa na desturi ya kuwauliza watu wa kazi wanachokiona, huenda jambo hili lisingesubiri mtoto kugombania trei.

Walimu wa mkoa huu mnaonisikiliza, na wazazi pia, siwaombi maabara, najua hali ilivyo. Naomba lile neno la Osborne tu, halina gharama. Mtoto akiuliza usilolijua, mwambie hujui, kisha mjaribu pamoja. Bika mbili na jokofu la jirani zinatosha kuanzia. Na mkipata kwamba mtoto amekosea, hapo pia mtakuwa mmejifunza, kama vile wale Waingereza wa mwaka 2016 walivyotufunza juu ya sentimita moja ya kipimajoto.

Na wewe kijana wa barafu, kama bado unauza na kama leo redio yako iko wazi, swali lako lilikuwa zuri. Jibu lake, kwa kadiri nilivyosoma, ni hewa. Lakini wewe ndiwe mwenye maji, ndoo na jokofu, nami nina vitabu tu. Piga simu utuambie umeona nini zaidi. Safari hii sitaweka muziki.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, walisema wahenga. Na anayemcheka mwulizaji hujifungia mlango yeye mwenyewe. Hadi juma lijalo, Mungu akitujalia uzima, kwaherini.